Shangazi, wananiambia niwape watoto dawa walale safari nzima

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Tanga. Mume wangu yuko Canada mwaka wa tano sasa, alirudi likizo mara moja tu. Viza zetu zimetoka na tunaondoka mwezi wa kwanza, Dar mpaka Doha alafu Doha mpaka Toronto. Mkubwa wa kiume ana miaka 7, wa pili wa kike miaka 4, na mdogo ana miezi 10, huyo baba yake hajawahi hata kumshika. Sijawahi kupanda ndege maishani. Kila nikilala naota mtoto analia na ndege nzima imenigeukia. Wifi yangu anasema niwape Piriton walale mpaka tufike. Mume wangu anasema naikuza hii safari, wenzangu wanaenda na watoto watano. Na mama mkwe ameanza kusema nimwachie mkubwa kwanza, atanifuata baadae. Nimechoka hata sijaondoka. Nifanyeje? Mama Watatu, Tanga."

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeirudia zaidi ya mara moja na naona kinachokunyima usingizi ni macho ya watu kuliko hata ndege yenyewe. Tuanzie hapo manake mama akisafiri na aibu ndio anaanza kufinya watoto chini chini, ndio anamnywesha dawa mtoto asiyeumwa, ndio anakaa masaa 14 hajaenda chooni kwa kuogopa kumsumbua aliyekaa pembeni yake. Mtoto wa miezi 10 akilia hajamkosea mtu adabu. Sikio linamuuma, au ana njaa, au taa zimemchosha na hajui yuko wapi. Na wanao wote watatu wana tiketi, hata huyo wa mapajani amelipiwa, kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, kwa hiyo humo ndani hamjapewa lifti na mtu. Akilia utambembeleza kama unavyombembeleza nyumbani, aliyekereka atavaa hedifoni zake, na mkishuka Toronto hao watu huwaoni tena maisha yako yote. Nataka uingie kwenye hiyo ndege kichwa juu.

Sasa hii Piriton. Wifi yako anakutakia mema lakini usiwape, na kwenye hili sina njia ya katikati. Ile ni dawa ya mzio, ule usingizi ni madhara yake tu, na kwa mtoto mdogo hasa aliye chini ya miaka 2 dawa za aina hii zinaweza kumpunguzia kasi ya kupumua. Juu angani hewa ya ndani ya ndege imeshindiliwa lakini haifikii ya kwetu huku pwani, mwili unajiona kama uko mlimani mita 1,800 mpaka 2,400, yani juu kupita Lushoto, alafu mtoto kalewa dawa na hakuna anayemchunguza kwa sababu kila mtu anasema jamani kalala huyo mwacheni. Na kuna watoto hiyo dawa inawageuzia kibao, badala ya kulala wanapanda mori, wanaruka na kulia bila sababu, na hapo mama upo katikati ya bahari huna pa kumpeleka. Kwa hiyo hapana, na mtu akikuletea tena hayo maneno mwambie Shangazi amekataa.

Badala yake nenda kliniki kama wiki 2 kabla ya safari, watoto waangaliwe masikio na kifua, manake mtoto mwenye mafua au sikio bovu ndiye anayeteseka kweli ndege ikishuka. Muulize daktari kipimo cha paracetamol kwa uzito wa kila mtoto, akuandikie kwenye karatasi. Na mdogo mpime kilo uziandike, nitakwambia kwa nini.

Nirudi kwa mama mkwe, hili ndilo zito.

Ukimwacha mkubwa, kwanza kuna suala la makaratasi. Viza hizi za ukaazi wa Canada zina tarehe ya mwisho, na mara nyingi tarehe hiyo inafuata vile vipimo vya afya mlivyofanya ambavyo vinadumu miezi 12. Mtoto asipoingia kabla ya hapo viza imekufa, kwa kawaida haiongezwi, mnaanza kuhangaika upya na huyo mtoto anaweza kukaa miaka bila nyinyi. Kwa hiyo hilo neno "baadae" linalosemwa kirahisi hapo barazani lina gharama, na atakayelipa ni kijana wa miaka 7. Na huyo atakayemfuatisha ni nani? Nani ana viza ya kumsindikiza mpaka Toronto? Alafu tuache makaratasi, mtoto anaona wadogo zake wote wawili wanapelekwa kwa baba yeye anabaki, unadhani atajiambia nini usiku? Atajiambia kuna kosa alifanya. Mwende naye mwanangu. Mkaondoke wote wanne kwa pamoja.

Ila usimchukie mama mkwe. Yule mama mwanae aliondoka, sasa na mkwe anaondoka na wajukuu wote anabakiwa na nyumba tupu, na kumng'ang'ania mkubwa ndio namna pekee aliyoipata ya kusema naumia. Anayetakiwa kukaa naye kwenye simu ni mume wako, mama ni wake, wewe ukisema hapana itakuwa mkwe kiburi na itabaki hivyo miaka, mwanae akisema hapana ni mwanae tu. Ampigie yeye, wiki hii, asiache mpaka siku ya kuondoka. Na mpeni kitu cha kushika: mnunulieni simu janja kama hana, kijana wenu mkubwa ndiye amfundishe kupokea video, na wekeni siku na saa inayojulikana, mfano kila Jumamosi saa kumi jioni ya Tanga, kule itakuwa saa mbili asubuhi wakati wa baridi (kuanzia mwezi wa tatu wanasogeza saa mbele, tofauti inabaki masaa 7 mpaka mwezi wa kumi na moja). Kitu chenye saa yake kinangojeka. Na msimuahidi mnarudi mwezi wa saba kama hamna nauli ya kurudi mwezi wa saba.

Watoto nao waambie ukweli. Najua kuna wanaosema tunaenda Dar tu kumwona mjomba, kuzuia kilio. Mtoto akija kugundua yuko angani ndio kilio chenyewe, tena hapo hakuamini tena kwa lolote utakalomwambia. Mwambie tunaenda kwa baba, ni mbali sana, tutapanda ndege mbili, tutalala humo, bibi tutamuona kwenye simu. Dua na machozi yamalizikie nyumbani Tanga. Ile coaster nzima ya ndugu mpaka uwanjani inapendeza kwenye picha lakini watoto wakiona watu wazima 20 wanalia mbele ya vioo wanajua kuna balaa, na wewe unaingia kwenye foleni ya pasi macho yamevimba huoni hata palipoandikwa. Wakusindikize wawili watatu wenye moyo mgumu.

Na usitoke Tanga siku hiyo hiyo. Ni kama kilomita 350, basi likichelewa njiani au Dar ikiwa na foleni umeanza safari ya mabara matatu tayari watoto wako hoi. Nenda siku 2 kabla, lala kwa ndugu, watoto waoge wale washibe.

Makaratasi yote yakae kwenye begi la bega lisilokutoka mwilini. Kuna jambo moja linawashtua wamama wa kwetu pale dirishani: wewe unatumia jina la baba yako, watoto wanatumia la baba yao, ofisa anaona majina hayafanani anaanza maswali. Hakushuku kwa ubaya, wana kazi ya kuzuia watoto kuibwa. Kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa vya RITA vya wote watatu, cheti cha ndoa, na barua ya baba yao yenye sahihi inayosema nakubali mke wangu fulani asafiri na watoto wangu fulani na fulani, tarehe hizi, kuja kwangu anuani hii, simu hii, na kopi ya kitambulisho chake. Canada wenyewe wanashauri mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na barua ya namna hiyo. Kadi za kliniki za chanjo usizipakie kwenye sanduku kubwa likapotea nazo, shule za Ontario watazidai. Na namba ya mume wako iandike kwa kalamu kwenye karatasi, moja kwako na nyingine mfukoni kwa kila mtoto, simu inazima chaji wakati mbaya kuliko wote.

Vyakula: najua utafungiwa dagaa, achari, bizari, na mtu ataleta embe za kumpelekea kaka. Embe ziache, nyama ya aina yoyote iache. Vilivyobaki chochote kinacholiwa ukifika kitangaze, wakikuuliza una chakula sema ndio ninacho hiki na hiki. Kinachowaponza watu mara nyingi ni kusema hapana alafu begi likafunguliwa.

Mpigie wakala wa tiketi kabla ya yote, au mume wako ampigie kama yeye ndiye aliyenunua. Nyie wote mko kwenye buking moja? Viti vimepangwa pamoja? Wameandika kwamba ni mama peke yake na watoto watatu, anaomba kusaidiwa Doha? Chakula cha watoto kiagizwe mapema, mashirika mengi yanataka angalau masaa 24 kabla. Alafu omba viti vya mbele ya ukuta, vile ambavyo wanaweza kutundika kikitanda cha mtoto mchanga, na hapo ndio zile kilo zinahitajika manake vingi mwisho wake ni kilo 10 au 11 na mtoto wako wa miezi 10 akiwa na afya yake ya pwani anaweza kuwa ameshapita. Akiwa amepita ujue mapema kwamba atalala juu yako, usije ukalijua hilo ukiwa umeshafunga mkanda.

Kwa kumbeba, mbeleko. Kigari kinasumbua, mara kikunjwe mara kipelekwe mzigoni, na wewe unahitaji mikono miwili kwa hao wengine. Beba leso za kutosha, leso ndio shuka, ndio pazia la kunyonyeshea, ndio mkeka wa watoto sakafuni Doha, na akitapika unaikunja unaitia mfukoni. Kila mtoto nguo zake za kubadili kwenye mfuko wake wa plastiki, na wewe pia, wamama wanasahau hapo, mtoto akikutapikia saa ya pili una masaa mengine 12 ya kukaa na hiyo harufu. Pampers hesabu za safari nzima na kungoja kote alafu ongeza za siku nzima. Soksi za wote, kwenye ndege kuna baridi. Vimiminika wanataka chupa za mililita 100, ila maziwa na chakula cha mtoto mchanga wanaruhusu kiasi cha safari, vitoe mwenyewe uwaonyeshe.

Dar mpaka Doha ni kama masaa 6, hapo utajifunza. Masikio yanauma zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda, na kushuka kunaanza kama nusu saa kabla ya kutua, kwa hiyo ukisikia tangazo mwamshe mdogo umnyonyeshe hata kama amelala vizuri, kule kumeza ndiko kunakozibua. Wakubwa wape pipi za kumumunya au wanywe kitu kwa mrija.

Doha uwanja ni mkubwa sana, kuna mpaka treni ndani ya jengo. Usikimbie. Fuata alama za kuunganisha ndege, muulize mtu mwenye sare, uliza tena kwa mwingine. Kuna dubu mkubwa wa njano amekaa katikati ya ukumbi wa maduka, urefu wake kama mita 7, ana taa kichwani, mwambie binti yako wa miaka 4 toka sasa hivi kwamba mtaenda kumwona, mtoto mwenye kitu cha kungojea anatembea mwenyewe. Na mkubwa mwambie tukipotezana simama pale kwenye dubu usiondoke. Vyumba vya kusalia vipo, wewe ni msafiri una ruhusa yako ya kujumuisha na kupunguza, usijitese. Watoto waache wakimbie wachoke, wabadilishe nguo, wapige mswaki, ndio waingie ndege ya pili wakiwa na dalili za kulala.

Hiyo ya pili ni kama masaa 14 na ndio unayoiota. Usiyahesabu, na ile ramani ya kwenye skrini usiifungulie watoto, kila dakika watakuuliza tumefika. Chakula kikija walishe wao kwanza, mwambie mhudumu chako akuletee baadae, sinia mbili na mtoto mapajani ni vita. Kunywa maji sana, hewa ya mle ni kavu na wewe unanyonyesha. Chooni nenda! Mdogo mgongoni au kifuani kwenye mbeleko, wa miaka 4 unaingia naye, mkubwa anabaki kulinda viti, mwambie mhudumu au mama wa kiti cha jirani naomba umwangalie huyu dakika mbili. Watu wanasaidia mwanangu, wengi nao wameacha watoto nyumbani, ila wengi wanangoja kuombwa. Mkubwa mpe kazi tangu Tanga, kazi yake ni kuhesabu mabegi kila mnaposimama na kumshika mdogo wake mkono, pasi za kusafiria zibaki kwako. Na wakilala wote watatu kwa pamoja hata dakika 20, lala. Usianze kupanga begi.

Sasa baba watoto. Ameniudhi kidogo kusema unaikuza. Wapo kweli wanaoenda na watoto watano na wanafika, lakini yeye alisafiri peke yake na begi lake mgongoni, safari yako hii hajawahi kuifanya. Mnyamazie hilo, mtumie kazi zake kwenye meseji, tena mtumie leo: baba fulani, mpigie mama kuhusu mkubwa, niandikie barua ya ruhusa uitie sahihi unitumie, mpigie wakala. Siku ya kutua uje uwanjani na makoti na kofia na buti za watoto mkononi, sio uziache nyumbani, Toronto mwezi wa kwanza kipimo kinashuka chini ya sifuri na watoto wako wamevaa sweta la sokoni Mgandini. Na viti vya watoto vya gari, vitatu, sheria ya Ontario inataka kila mtoto awe na kiti chake, mdogo kwenye kinachotazama nyuma (hicho ni lazima mpaka afike angalau kilo 9), wa miaka 4 kwenye chake, na hata huyu wa miaka 7 kama hajafika kilo 36 au sentimita 145 anawekewa cha kumwinua. Asije na gari ya rafiki yenye siti tupu akafikiri mtapakatana kama kwenye daladala.

Na mwambie hili kabla hamjafika, aliandae moyoni: mdogo akimwona atalia. Wa miaka 4 huenda akajificha nyuma ya gauni lako, kwake baba ni sura ya kwenye simu. Asimnyakue, asiseme hunijui mimi baba yako, achuchumae, amsalimie, angoje, mzigo mkubwa ndio ubebwe kwanza. Siku 3, wiki, watoto wanakuja wenyewe. Na wewe pia huna haja ya kuigiza furaha pale, kama utashuka umechoka na unalia lia tu, huyo ni mume wako.

Wiki ya kwanza usipange wageni. Saa tisa usiku ya Toronto kwa matumbo ya watoto wako ni saa tano asubuhi ya Tanga, wataamka wote wana njaa na wanataka kucheza. Pawe na wali au uji tayari kwenye friji, walisheni taa zikiwa hafifu, bila tv, warudi kitandani, na mchana watoeni nje kwenye mwanga hata nusu saa na hayo makoti. Mwili unajirudi taratibu, hesabu kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na tofauti yenu ni masaa 8. Kwa hiyo kazi ya mwisho ya mume wako ni kuomba likizo ya hiyo wiki, aombe sasa hivi, na zile zamu za saa tisa usiku azishike yeye wewe ulale.